Mkasi wa Ate Nora na Mpunga Uliosifiwa Mapema

Saa moja asubuhi, Leonora Katigbak anachovya mkasi kwenye kikopo cha bakteria, anashika majani manne ya mpunga kwa mkupuo, anakata ncha. Anachovya tena, anakata tena. Ndani ya kitalu nyumba hiki cha kituo cha utafiti wa mpunga, Los Baños, Ufilipino, joto limeshafika nyuzi 36, na vidole vyake vimevimba.

"Wenzangu wanalima mpunga ustawi. Mimi nalipwa niuambukize ugonjwa," anasema, akicheka peke yake.

Ana miaka 52, kumi na tisa kati yake akiwa na mkasi mkononi. Kituoni wote humwita Ate, dada mkubwa, hata Daktari Imelda Panganiban anayemwongoza.

Vikopo ni viwili. Bakteria ni wale wale wanaonyausha majani, ila wa kikopo chekundu wana jeni moja ya ziada. Mpunga huu mpya unaojaribiwa ukiihisi jeni hiyo, unashtuka na kuua sehemu ndogo iliyoshambuliwa, ugonjwa unakwama hapo hapo. Wa kikopo cheupe hawana jeni hiyo. Wanapaswa kupita kimya kimya na kulikausha jani.

Mwezi uliopita majani yote yalibaki kijani, ya kikopo cheupe pia. Daktari alishangilia: mpunga unaoshinda kila bakteria! Barua za kugawa mbegu zikaanza kuandikwa.

Nora hakulala. Siku ile spiriti ya kusafishia mkasi iliisha, naye akaona uvivu kwenda stoo. Akatoka kikopo chekundu akaingia cheupe na mkasi ule ule. Mpunga ulikuwa umeshatonywa na bakteria wa kikopo chekundu waliobaki kwenye mkasi.

Angeweza kunyamaza. Lakini kaka yake mkubwa, Ambo, anayemwita Kuya, yaani kaka, alipoteza mavuno yote kwa ugonjwa huu, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaopewa mbegu.

"Dok, ni mimi. Sikuusafisha mkasi."

"Ate naye! Unajua nimeshamwambia mkurugenzi?"

"Basi kamwambie tena. Mimi narudia yote."

Akarudia majani 1,200, safari hii kwa mikasi miwili. Leo, akishamaliza kukata ya asubuhi, anapima yale 1,200 kwa rula; ni siku ya kumi na nne tangu ayakate. Majani ya kikopo chekundu yana doa la sentimita moja. Ya kikopo cheupe yamekauka hadi katikati.

Daktari anatazama, anashusha pumzi. "Umeniharibia sherehe, Ate. Asante."

Nora ameomba likizo ya wiki moja. Anakwenda kwa kaka yake kuchuma majani yaliyougua kwenye mashamba ya majirani, maabara iangalie kama bakteria wa huko wana ile jeni.

"Kama wanayo, atapanda. Kama hawana, nitamwambia mwenyewe, usoni, asipande, na mimi nitaanza na mpunga mwingine," anasema. "Ameshalima shamba. Kila jioni anapiga simu: 'Mbegu yangu iko wapi, we mtoto?' Namwambia, Kuya, nivumilie. Safari hii sikuletei mbegu ya kubahatisha."