Ukoo wa Beseni

Fundi wa nguo, mama wa binti mmoja, hakuwa mtu wa kulalamika, na alijisifu kwa hilo. Miguu ilipomwaka moto chini ya cherehani alivua viatu kimya kimya, akakanyaga sakafu ya saruji, akaendelea kushona. Kwao ilikuwa aibu kusema. Marehemu mama yake alishinda na miguu ndani ya beseni la maji, akaitwa mvivu mpaka anaingia kaburini. Kaka yake mkubwa aliacha kazi ya kuoka mikate, akaacha ya ulinzi, akaacha na ya kubeba mizigo. Sasa anashinda barazani na beseni lake, na mkewe hana dogo: "Bwana Beseni, umeamka?"

Kwa hiyo binti wa fundi alipoanza kuvua viatu darasani na kulia kuwa nyayo zinaungua, mama mtu alimkata jicho. "Jikaze. Uvivu wa kwetu usiniletee." Alijua fika mtoto anasikia nini, na ndiyo maana alimkaripia zaidi. Wazazi tuna akili za ajabu.

Mambo yalibadilika mwalimu mkuu aliposema binti avae viatu kama wenzake au abaki nyumbani. Mtoto mwenyewe shule ndiyo roho yake. Fundi akafunga duka, wakaenda hospitali.

Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, aliishika ile miguu akaikuta ya moto kama ya mtu mwenye homa. "Katika ukoo wenu kuna mwingine anaumwa hivi?"

"Hakuna," fundi akajibu upesi.

"Na bibi je?" binti akauliza. "Na mjomba?"

"Hao si wagonjwa. Hao ni wavivu tu."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Hebu nisimulie huo uvivu."

Basi fundi akasimulia, mwanzoni kwa kucheka: jinsi mama yake alivyokuwa akigombania maji na wafuaji, jinsi kaka yake alivyotoka mbio mbele ya tanuri la mikate. Kicheko kikamwishia njiani. Daktari akainama kutazama chini ya meza. Jozi mbili za viatu zilikuwa zimelala ubavu, na nyayo nne zimejibandika kwenye vigae vya baridi.

"Na wewe, mama, umeanza lini?"

Fundi alitaka kusema hana kitu. Akamtazama mwanawe, akaona anasubiri jibu kuliko hata daktari. "Tangu mdogo," akasema, na machozi yakamtoka.

Daktari akawaeleza kuwa mtu huzaliwa na maumivu haya, yakipita kwenye vinasaba kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na neva zikapiga kelele za moto mahali pasipo na moto. Vipimo vya damu vilikuja kuthibitisha. Dawa ipo ya kutuliza, si ya kumaliza. Feni na viatu vya wazi ruksa, maji ya barafu marufuku kwa kuwa yanaharibu ngozi. Daktari mwenyewe alimpigia simu mwalimu mkuu, na binti akaingia darasani na ndala zake, kichwa juu.

Siku ile walipotoka hospitali, fundi hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta barazani, miguu majini.

"Kaka, hukuwa mvivu. Ulikuwa unaumwa. Mama pia. Mimi pia."

Kaka akamgeukia. "Rudia."

"Hukuwa mvivu."

"Kwa sauti. Wifi yako yuko jikoni."

Fundi akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia. Wifi akatoka na mikono imejaa povu, akasikia habari yote mlangoni. Akaingia ndani, akarudi anaburuta feni na waya wake, akaielekeza miguuni mwa mumewe. Kisha akaliinua lile beseni.

"Hili nafulia," akasema, na macho yalikuwa yamemlowa. "Wewe kaa hapo upepewe, mume wangu."

Kaka mtu akanyoosha miguu yake yote miwili mbele ya majirani, kama mtu aliyeshinda kesi.