Wimbo wa Upande Mzima

Évariste aliendesha gari la moshi la Kisangani–Ubundu miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo alichelewesha safari kwa kusudi mara moja tu. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Mwalimu mmoja Mzungu wa pale université alikuwa anahama na mizigo yake, na saa ya kuondoka ilipofika bado alikuwa katikati ya mto, akivuka kuja stesheni ndani ya mtumbwi uliojaa masanduku. Évariste akamwona, akazuia gari dakika kumi na mbili. Mkubwa wa stesheni alipiga filimbi mpaka mate yakamkauka.

Walipofika Ubundu, yule mwalimu akafungua sanduku, akatoa disiki moja kubwa ya muziki, akampa.

"Wewe unajua kungoja," akamwambia. "Hii ni ya mutu anayejua kungoja."

Adèle, mke wake, hakuipenda hata kabla ya kuisikia. Kwenye karatasi ngumu iliyofunika disiki kulikuwa na picha ya mlango umesimama peke yake katikati ya majani. Hakuna ukuta, hakuna nyumba.

"Watu wanajenga mlango kabla ya nyumba," alisema Adèle, "wimbo yao itakuwa namna gani?"

Ilikuwa namna ile ile. Upande mzima wa disiki ulikuwa wimbo mmoja, dakika ishirini na mbili. Ulianza na gitaa dogo, polepole, kama mtu anayejisemesha njiani. Halafu filimbi, halafu kinanda kikubwa kama cha kanisa, halafu ngoma. Na ngoma zile zilihesabu vibaya. Adèle alikuwa mchezaji, mtaa mzima wa Lubunga ulimjua. Alijaribu siku ya kwanza, na mguu mmoja ukabaki juu bila kazi.

"Hii haina seben," alisema. Seben ni pale nyimbo zetu zinapochangamka na magitaa, pale mwenye kiuno anajulikana. "Wimbo bila seben ni fufu bila mboga."

"Seben iko," alisema Évariste. "Lakini hawakupe bure."

Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwenye karatasi za kazi walimwandika jina la babu yake, kwa sababu serikali ilikataza majina ya ubatizo. Nyumbani alibaki Évariste, na kila Jumapili baada ya misa aliketi mezani na sahani yake ya fufu, disiki inazunguka, akimfundisha mke wake wimbo kama anavyofundisha kijana wa makaa njia ya reli.

"Unasikia hapa? Tumetoka stesheni. Hapa tunapanda. Usikie mashine inachoka. Sasa tumeshuka."

Katikati kulikuwa na mahali ambapo vyombo vyote vilinyamaza. Kinanda kilibaki peke yake, chini kabisa, kama maji chini ya daraja.

"Imekufa," alisema Adèle.

"Haijakufa. Tumesimama mu pori, tunangoja gari ingine ipite."

"Tutangoja mpaka lini? Fufu iko napoa."

"Ngoja."

Na kweli ngoma zilirudi, na mwishoni kabisa lile gitaa dogo la mwanzo likarudi pia, neno kwa neno, lakini sasa na vyombo vyote nyuma yake, kama mtu aliyetoka peke yake na kurudi na ukoo mzima.

"Bon, tumefika," alisema Évariste. "Lakini uliza kama huyu anashuka ni yule alipanda."

Adèle hakuwa mtu wa kushindwa. "Mutu akitoka Ubundu, anarudi na samaki. Hii wimbo yako inatuletea nini?"

Évariste alicheka. Miaka tisa aliulizwa hivyo, na miaka tisa hakujibu.

Siku moja binti yao Julie, akiwa bado mdogo, alipitisha kitana juu ya disiki. Tangu hapo, pale ngoma zinaporudi, sindano ilinasa na kurudia kipande kile kile, kile kile. Évariste hakumpiga mtoto. Alijifunza tu kugonga sakafu ya mbao kwa kisigino, mara moja, bila kuinua macho kwenye sahani, na sindano ikaruka, ikaendelea. Adèle, nje jikoni, akisikia kile kisigino alijua ndizi za makemba zimeiva, akaipua chungu. Bila kutaka, alikuwa ameujua wimbo wote, kila kona.

Mwaka wa themanini na tatu homa ilimkamata Évariste siku ya Jumatatu, na Alhamisi hakuwepo.

Jamaa zake walichukua vitu vyake, kama desturi: koti, baiskeli, mashine ya disiki. Wifi Claudine, dada ya marehemu, ndiye alibeba ile mashine kichwani. Disiki ya mlango ilibaki. Hakuna aliyeitaka. Adèle aliifunga ndani ya kitenge, akailaza chini ya godoro.

Miezi kumi baadaye ikafika siku ya kuondoa matanga. Ilikuwa Jumapili mchana. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza uwanja matope, basi watu wa reli walileta mbao, wakazipanga chini zikiwa zimeshikana, pa kuchezea na pa kuweka meza ya muziki. Claudine na wenzake walimwogesha Adèle, wakamvua nguo nyeusi, wakamvika kitenge kipya. Ilibaki jambo moja. Mjane ndiye anayefungua dansi, pamoja na ndugu wa marehemu. Asipocheza, matanga hayajaondoka: atarudishwa kwenye nyeusi mwaka mwingine, na hakuna mtu atafungua sufuria.

Zuberi, mwenye baa ya jirani, aliweka disiki tamu. Adèle akabaki kwenye kiti. Akaweka ya pili, ya tatu. Harufu ya liboke, samaki waliookwa ndani ya majani, ilikuwa inazunguka uwanja kama mgeni asiyekaribishwa.

Lambert, kaka mkubwa wa marehemu, abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai, imefungwa mpaka shingoni, akainama.

"Mama Julie, simama. Watu wana njaa."

"Hata mimi niko na njaa, shemeji."

"Alors?"

"Alors, hizi nyimbo ni nzuri. Lakini zinaisha kabla sijamufikia. Nikianza kumuona tu, imekwisha."

"Niko na disiki makumi ine, mama," alisema Zuberi. "Chagua."

"Yake huna."

Akaingia ndani, akatoka na kile kitenge. Claudine alipoona picha ya mlango alishika kichwa. "Ile? Ile inafukuza hata mbuzi."

"Na nani atacheza nawe?" aliuliza Lambert. "Mimi siijue."

"Simama karibu. Utaingia ukiijua."

Zuberi hakuwa amepiga kitu kingine maishani ila disiki ndogo za quarante-cinq, zinazozunguka mara arobaini na tano kwa dakika, na mashine yake aliiacha kwenye mwendo huo huo wa haraka. Wimbo ukatoka mbio, gitaa linalia kama watoto wa bata. Uwanja mzima ulicheka. Adèle hakucheka.

"Trente-trois, Zuberi, weka polepole. Hatuende kuzima moto."

Ndipo gitaa dogo likaanza vizuri. Adèle akaingia kwenye mbao. Hakukata kiuno; alitembea, hatua saba na kugeuka, hatua saba na kugeuka, kama mtu anayekanyaga mataruma ya reli. Lambert alimfuata kwa aibu, mguu wake mmoja kila mara ukibaki juu. Watu walinong'ona. Adèle alikuwa anapanda kilima, anashuka.

Vyombo vikanyamaza. Kinanda kikabaki peke yake. Claudine, akifikiri imekwisha, akakimbilia sufuria.

"Ngoja," alisema Adèle, kidole juu.

Akasimama pale pale katikati ya pori, na machozi aliyokuwa ameyashika miezi kumi yakapata nafasi ya kushuka yote, bila haraka. Hakuna aliyemhimiza. Wimbo ulikuwa na muda.

Ngoma zikarudi, na sindano ikanasa. Kipande kile kile, kile kile. Watu wakashangilia: sasa kuna kitu kinachorudia, kitu cha kushika. Vijana wakaingia, Lambert akafungua kifungo cha shingo.

"Sasa nimeijua, Mama Julie. Kumbe ni rahisi."

Adèle peke yake hakucheza. Alisimama akisikiliza, sikio limeelekea nyumbani. Alikuwa anangoja kisigino. Kipande kikarudia, kikarudia, na kisigino hakikuja, na ndipo alipojua, kwa mwili wote, kwamba hakitakuja tena.

Akasogea mpaka kwenye meza ya muziki, akainua mguu, akagonga ubao kwa kisigino, mara moja.

Sindano ikaruka. Wimbo ukaendelea, ukashuka mteremko wa mwisho, na lile gitaa la mwanzo likarudi na ukoo wake wote. Hapo Adèle akakata kiuno, kwa sababu seben ilikuwepo kweli, alikuwa amesafiri kuifikia. Watu wakaingia nyuma yake, hata wazee, hata Claudine na mwiko mkononi. Wengine mguu mmoja ulibaki juu. Hakuna aliyejali.

Disiki ilipofika mwisho, Adèle aliketi, kitenge kipya kimelowa jasho. Claudine akamletea sahani ya kwanza, samaki mzima ndani ya jani, akaketi kando yake.

"Wifi," alisema Claudine polepole, "ile mashine yake, kwangu inalala tu. Nitairudisha."

"Asante, wifi."

Adèle akafungua jani. Mvuke ukampiga usoni. Akaangalia samaki muda mrefu, halafu akaanza kucheka, mpaka Lambert akageuka.

"Nini, Mama Julie?"

"Miaka tisa nilimuuliza wimbo yake inatuletea nini," alisema Adèle, akimega. "Leo amejibu."