Vidonge vya Ngassa na Chumvi ya Maksai

Mimi Apolonia nimeolewa na kichwa kigumu, jina lake Ngassa. Ana presha, tena ana glaukoma, ule ugonjwa unaokula macho kimyakimya. Jicho la kushoto lilishakwenda. Tulibaki tunapigania la kulia.

Matone nilimtia mwenyewe, kila siku. Miaka ile pamba ilikuwa inanunuliwa na kila mwenye lori, si ushirika peke yake, na maduka ya dawa yakaota kama uyoga Bariadi mjini, kwa hiyo matone hayakukosekana. Bado jicho likazidi kufifia. Akagonga ghala, akagonga mbuzi, akanigonga mimi nimejitwika ndoo ya maji. "Umesimama njiani," ananiambia. Ebo! Niliyelowa ni mimi, na lawama nibebe mimi!

Nikamburuta kwa daktari wa macho. Akampima, akashangaa: presha ya ndani ya jicho imetulia. Akauliza, "Mzee, vidonge vya presha ya damu unameza saa ngapi?"

"Jioni. Vya asubuhi na vya jioni, vyote pamoja."

Jamani! Kila asubuhi namwekea kidonge kwenye kisahani, kumbe anakitia mfukoni!

"Kwa nini, mzee?"

"Maksai hapewi chumvi akiwa na nira shingoni, daktari. Anapewa akifunguliwa. Nami nikimeza asubuhi nalegea shambani."

Daktari akamweleza taratibu. Usiku presha ya mtu hushuka yenyewe. Yeye akiisukuma chini tena kwa vidonge vya siku nzima, damu haifiki vizuri kwenye mshipa wa jicho, na mshipa unakufa. Ndiyo maana hata akiamka kukojoa anapepesuka. Kuanzia kesho ameze asubuhi tu. Kilichopotea hakirudi, tulinde kilichobaki.

Njia nzima nilimsema. "Sikio la kufa halisikii dawa, Baba Milembe!"

Asubuhi akameza mbele yangu, akaachama nikague. Kisha akachota chumvi, akaenda zizini, akamwita maksai wake mwekundu na kunyoosha kiganja. Maksai alikuwa ameshafika, amesimama kushoto kwake. Ngassa kaelekeza kiganja mbele, kwenye hewa tupu.

"Mbona haji?" akauliza.

Nilikuwa bado na maneno mengi. Nikamshika mkono, nikaupeleka kwenye ulimi wa ng'ombe.