Faili la Juu Kabisa

Wivu wa Teresia haukuwa na haya. Ulikula naye ugali na kulala naye kitanda kimoja. Mumewe, Asajile, hupiga video za harusi hapa Tunduma, na kila Jumamosi hushinda akiwatazama wanawake waliopambwa. Hilo alishalimeza. Aliyemkwama kooni ni mmoja tu: Recho, mchumba wa zamani wa Asajile. Recho aliolewa na mwingine mwaka juzi, na aliyeshika kamera siku hiyo ni Asajile huyohuyo.

Jumamosi hii Asajile alipiga simu kutoka kanisani Chapwa.

"Mama Fides, kadi za kamera zimejaa, nakuja kuzishusha kabla sherehe haijaanza. Na kompyuta haina nafasi. Hebu nifutie vitu vikubwa."

Kazi hiyo Teresia anaijua. Kompyuta ya studio ilikuwa imechoshwa na virusi vya flashi za madereva wa malori wanaokuja kujaziwa nyimbo, Asajile akaihamishia kwenye mfumo wa Linux, mkewe akajifunza kuiamuru kwa maandishi. Akafungua dirisha jeusi, akaandika ls -lS. Hiyo S kubwa ndiyo inayopanga mafaili kwa ukubwa, manene juu, membamba chini.

La juu kabisa: harusi_recho.mp4.

Desturi ya studio ni kwamba mteja akishachukua video yake, picha ghafi zinafutwa. Recho alichukua yake zamani. Akalifungua. Uso wa Recho, tena uso wa Recho, Recho akicheka, Recho akifuta jasho. Bwana harusi anaonekana bega tu. Mwanamume wa watu kaoa, kaambulia bega!

La pili kwa ukubwa lilikuwa la harusi yake mwenyewe na Asajile.

Akapiga simu kwa hasira.

"Baba Fides, la kwanza ni la Recho. Nifute?"

Vigelegele vikasikika nyuma ya Asajile.

"Hilo liache kwanza."

"Linalofuata ni letu."

"Basi futa hilo. Sisi si tupo, mke wangu?"

Teresia akaandika rm, amri ya kufuta, akaweka jina la faili la Recho, akabonyeza Enta. Kwenye dirisha lile hakuna pipa la taka, kilichofutwa kimefutwa.

"Nimefuta," akasema.

"Ndaga, mke wangu," Asajile akashukuru, wala hakuuliza lipi.