Swichi Chini ya Kiti

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua ikiwa na kutu kwenye tangi, kioo kimoja cha pembeni, na kiti kilichoshonwa na mtu aliyezoea kushona magunia. Nilifurahi nayo kupita kiasi. Ilikuwa Homa Bay, miaka ya tisini mwanzoni, kwenye mnada wa magari ya serikali yaliyochoka. Siku hiyo zilipangwa pikipiki mbili za Kijapani za aina moja na rangi moja ya bluu, zilizofanya kazi pamoja miaka mingi mpaka zikakataliwa pamoja. Moja niliichukua mimi. Nyingine ilichukuliwa na mwalimu wa shule ya msingi ya upande wa Rangwe, mtu ambaye sikuwa nikimjua. Hakuna iliyokubali kuwaka, kwa hiyo tulizisukuma sambamba hadi kituo cha mafuta, na tulipofika tulikuwa tayari marafiki.

Mimi ni Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania, na wakati huo kazi yangu ilikuwa kudunga ng'ombe sindano, kutoka Rongo hadi Karungu. Watu waliniita daktari, nami sikuwakataza. Mwalimu alikuwa Mjaluo. Kidholuo changu kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa tu, na Kikuria chake hakikuwepo kabisa, basi tulizungumza Kiswahili, hiki chetu cha huku kinachowachekesha watu wa pwani.

Siku za soko tulikutana na wenye pikipiki wengine kwa fundi mmoja pale Rongo. Kila mmoja alikuwa na Mjapani wake mzee, na kila mmoja aliamini wake ndiye bora. Katekista mmoja alikuwa na mazoea ya kugonga tangi la yake kwa kifundo cha kidole. "Sikieni," alisema. "Hiyo ni chuma. Hizi mpya ni karatasi." Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumiliki mpya, kwa hiyo dharau hiyo ilitujia kwa urahisi. Afisa wa samaki kutoka Karungu naye alisimulia jinsi yake ilivyoanguka kutoka kwenye boti ikalala ziwani usiku mzima, akaitoa, akakausha plagi kwa shati lake, ikawaka kwa kiki ya pili. Nilisikia habari hiyo mara nyingi. Mwaka uliofuata ilikuwa imelala ziwani siku tatu.

Lakini kizuri hakikosi ila. Ila yetu ilikuwa spea. Ukitaka ringi za pistoni ulikwenda Migori mjini kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka, mtu mpole sana, akageuza ile iliyovunjika mkononi kama anayetazama jino la mtoto, halafu akasema, "Hii, mwanangu, inataka subira." Ilikuwa njia yake ya kusema haipo. Tulitoka pale tukalaumu nchi nzima, isipokuwa pikipiki yenyewe. Ukimsikia mtu akiilaumu pikipiki yake, ujue ameshaiuza.

Tena hakuna aliyeweza kuiendesha ya mwenzake. Moja ilitaka kulazwa upande wa kushoto kwanza, nyingine ilitaka kiki tatu za bure kabla ya kufungua mafuta. Fundi alisema pikipiki ya mtu ni kama mswaki wake, haiazimwi. Za kwetu, mimi na mwalimu, zilikuwa mapacha kwa umbo lakini si kwa tabia. Yake ilikuwa na mlio mzito wenye kikohozi katikati, na ilisikika shuleni tangu ikiwa darajani. Wanafunzi waliupenda mlio huo kwa sababu uliwapa muda. Wakiusikia, mpira uliachwa uwanjani, hata na wale wakubwa wa darasa la nane wasiomkimbia mtu, na mwalimu alipofika aliwakuta wote darasani, wametulia, wakihema.

"Wanafunzi wangu ni wazuri sana," aliniambia mwaka wa kwanza. Ilimchukua muda kujua, na alipojua hakubadilisha ekzosi.

Kisha pikipiki ya katekista ikaibwa nje ya kanisa, yeye akiwa ndani anasalisha. Sote tuliingiwa na hofu, maana matundu ya funguo zetu yalikuwa yamelika kiasi kwamba hata mpini wa kijiko uliweza kuwasha. Mimi na mwalimu tukaamua kufunga swichi za siri. Tulitoa swichi ndogo mbili kwenye redio mbovu, na Jumamosi moja, nyumbani kwake, tukazifunga kwenye waya unaopeleka moto kwenye plagi. Ukiizima swichi, unaweza kupiga kiki mpaka mguu uvimbe. Yangu tuliiweka nyuma ya taa. Yake tuliificha chini ya kiti, upande wa kushoto, mahali ambapo huwezi kuiona hata ukiinama. Mkewe alituletea uji na njugu, akasimama kidogo kutazama, akarudi jikoni.

"Asijue mtu mwingine," nilisema. "Hata fundi."

"Hata fundi."

"Hata mke?"

Akacheka. "Daktari, wewe kaza skrubu."

Miaka kadhaa baadaye yangu ilipata ufa kwenye kabureta. Mzee wa Migori akasema subira. Fundi akajaribu gundi, akajaribu risasi ya kulehemu, akajaribu sabuni, mwishowe akaniambia nitafute kabureta ya pikipiki kama hiyo, na sote wawili tulijua iko moja tu. Niliegemeza pikipiki ukutani, na kuku akaanza kutagia kwenye kiti. Nilianza kwenda kazini kwa baiskeli. Upande wa Karungu nilifika siku moja nikakuta ng'ombe wa maziwa, wa pekee katika boma lile, amekufa saa chache kabla. Mwenyewe hakunigombeza. Alinipa maji, akaniuliza kama nimechoka. Afadhali angenitukana.

Wakati huo mwalimu alikuwa mgonjwa. Ulikuwa ugonjwa ambao miaka ile hatukuutaja kwa jina, hata tulipouona. Nilimtembelea mara mbili tu, nami najua ningeweza kwenda zaidi. Habari za kifo chake zilinikuta Rongo. Nililia kando ya barabara mbele za watu, na sioni aibu kwa hilo. Aibu yangu ni kwamba kabla ya kufika Rangwe, machozi hayajakauka, nilikuwa nimeshaanza kuifikiria kabureta yake.

Siku ya mazishi kaka yake mkubwa, aliyekuwa akiishi Homa Bay mjini, alitaka pikipiki iwemo kwenye tero buru. Hiyo ni desturi ya Waluo: mwanamume mwenye boma akifa, wanaume huswaga ng'ombe mbio kwa nyimbo na mikuki hadi mbali na nyumbani, kukifukuza kifo. Safari hiyo wangepita darajani, wapite shule, wageukie pale mashamba ya ukoo yanapoishia. Pikipiki ya marehemu ingetangulia. Wakaitoa bandani, wakaipangusa, kijana mmoja mwenye nguvu akaipanda.

Haikuwaka. Akashuka, akapanda mwingine. Walipiga kiki kwa zamu, wakailaza, wakaisukuma mteremkoni, wakairudisha. Mwanamke mmoja jirani akasema, "Lakini hii ilikuwa inalia juzi tu, Jumamosi." Bibi mmoja akamjibu taratibu kwamba mwenyewe ameenda, nayo imemfuata. Wengine walitikisa kichwa kwa kukubali, na nikaona kijana aliyekuwa juu ya pikipiki akishuka polepole, kana kwamba amekalia kitu kisicho chake.

Kaka mkubwa akanigeukia. "Daktari, wewe si uko na moja kama hii? Hebu angalia."

Niliinama. Nilitoa plagi, nikaitazama, nikaipuliza, nikairudisha. Mkono wangu ulikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye swichi niliyoifunga mwenyewe. Nikasimama, nikajifuta mikono kwenye suruali.

"Imekufa," nilisema. "Ndani kumeungua. Haiwezi shika tena."

Niliyasema kwa sauti ya kutosha ili nisiulizwe mara ya pili. Ng'ombe wakaondoka bila pikipiki, wanaume wakakimbia wakiimba, vumbi likapanda. Jioni kaka mkubwa akanivuta kando akasema kitu kibovu hakina haja ya kuozea bandani, na kwa kuwa nilikuwa rafiki wa marehemu, nije niichukue baada ya matanga. Nilikubali haraka mno. Nilijiambia kwamba ng'ombe wa watu wanakufa. Nilijiambia kwamba mwalimu mwenyewe angenipa. Inawezekana kweli angenipa, lakini alikuwa hayupo kuulizwa, na mkewe, aliyekuwepo, sikumuuliza.

Nilikuja Jumanne ya wiki iliyofuata, asubuhi, na begi la spana. Mjane alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Alinisalimu vizuri, akaulizia watoto wangu, akaniambia kaka mkubwa alishamweleza. Pikipiki ilikuwa imesimama uani, imepanguswa.

"Ngoja kidogo, shemeji," alisema. "Niiage."

Aliweka ungo chini. Akakaza leso kiunoni, akaiendea pikipiki kwa upande wa kushoto, akapitisha mkono chini ya kiti bila kutazama. Nikasikia mlio mdogo wa swichi. Alivuta choki nusu, akapanda juu ya kiki kwa mguu wenye ndala, akaikanyaga. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikakohoa tena. Mara ya tatu ikawaka, ua mzima ukajaa moshi wa buluu, na watoto wake wawili wakatoka ndani mbio, kisha wakasimama kuona ni mama yao.

Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Tuliapa na mwenzangu pale pale uani asijue mtu, naye mwenye uji alikuwa ameshasimama nyuma yetu na kuona.

Aliiacha ingurume kidogo, kisha akapunguza mafuta ili tusikizane.

"Tangu alale, kila Jumamosi alinituma niiwashe," alisema. "Yeye yuko kitandani, anasikiliza. Anasema, ongeza, anasema, basi. Watu walidhani ni yeye anatoka nje."

"Sikujua," nilisema.

"Siku ile nilikuwa ndani, kando ya jeneza. Singeweza kutoka, na hakuna mtu alikuja kuniuliza. Nilihesabu hizo kiki. Nikasema moyoni, shemeji yuko hapo nje, ataweka mkono tu. Halafu nikasikia sauti yako ikisema imekufa." Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Nikafikiri labda kwa uchungu umesahau."

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningeweza kuupitia, tukaagana kwa heshima, na hakuna mtu duniani angejua. Hata sasa sijui ni nini kilinizuia. Labda ni ule mlio, wenye kikohozi chake katikati.

"Sikusahau," nilisema. "Yangu imeharibika kabureta. Nilitaka hii."

Mmoja wa watoto alikuja kushika leso yake. Nilingoja anifukuze, na kwa kweli ningeona nafuu.

"Hii haiuzwi," alisema hatimaye. "Nitajifunza. Shemeji wa Homa Bay nitaongea na yeye mimi mwenyewe." Kisha akasogea kando, akanishikisha usukani. "Na wewe panda. Ile safari ya pikipiki haikufanyika. Uifanye."

Nikapanda. Sikuwa na wimbo, sikuwa na mkuki, na ng'ombe walikuwa malishoni. Nilishuka njia ile ile taratibu, gia ya pili, begi langu la spana limebaki uani. Darajani mbao zililia kama kawaida yake, nami nikaongeza mafuta kupanda kilima cha shule.

Ilikuwa saa nne, mapumziko. Niliwaona kwa mbali, uwanja mzima umejaa mashati ya bluu, mpira uko hewani. Kisha nikaona vichwa vikigeuka. Mpira ukaanguka, haukufuatwa. Wakaanza kukimbia, wadogo kwa wakubwa, wakisukumana milangoni, mpaka nilipofika kwenye ua wa shule uwanja ulikuwa mtupu, na hakukuwa na sauti ila ya pikipiki. Walikuwa wamemzika mwalimu wao kwa macho yao wenyewe. Miguu yao ilikuwa haijaambiwa.

Nilifika mashamba ya ukoo yanapoishia, nikazima, nikakaa pale mpaka nikaweza kuona njia tena. Kisha nikageuza, nikarudi.

Mjane alikuwa amerudi kwenye ungo wake. Niliegesha pikipiki mahali pake, nikapitisha mkono chini ya kiti, nikazima swichi.

"Imeenda?" aliuliza.

"Imeenda. Wanafunzi wameisikia. Wamekimbia, wameingia darasani."

Akaacha maharagwe. Machozi yalimtoka, na huku yakimtoka alianza kucheka, kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu Jumamosi za mwisho.

"Wote?"

"Wote."

"Hata wale wa darasa la nane?"

"Hata wale wa darasa la nane."