Jina Lililofungua Flashi ya Mzee

Juzi, kwenye saiba moja ya intaneti mjini Kitengela, mama mmoja na binti yake walileta flashi ya marehemu mzee wao. Ramani ya shamba ilikuwa ndani, na kesi ya shamba hilo ilikuwa mahakamani Kajiado saa nane. Flashi ikadai neno siri. Mzee alikuwa ameibandikia kikaratasi: "Jina la kipenzi changu."

Binti akaandika jina la mamake. Ikakataa. Akaandika lake. Ikakataa.

Mama akavuta shuka begani. "Sasa weka jina ya ile ng'ombe nyeusi. Ile mzee alikuwa anasalimia asubuhi kabla yetu."

Ikafunguka! Saiba nzima tukapiga makofi.

"Mama, ulijuaje?"

"Nilijua tangu mwanzo," akasema, akipokea ramani kutoka kwenye printa. "Nilitaka tu tujaribu yangu kwanza."