Kaukau za Naomi

Kwa zaidi ya miaka arobaini Naomi alifinyanga vyungu Ikombe, kule ambako milima imejisogeza mpaka ziwani na barabara ya gari imekosa pa kupita. Udongo aliuchimba mwenyewe, vyungu akavichoma mwenyewe, na siku ya soko akavipakia kwenye mtumbwi kwenda Matema. Hakuwa mtu wa kukaa. Hata watoto wake aliwanyonyesha huku mkono mmoja uko kwenye udongo.

Masika ya mwaka juzi aliteleza na mzigo wa udongo kichwani, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, daktari alimkataza kubeba kitu kizito maisha yake yote, na akamwambia akae karibu na matibabu mpaka mfupa ushikane. Binti yake Veronika, ambaye ni muuguzi, hakungoja kumuuliza maoni yake. Alimchukua moja kwa moja hadi nyumbani kwake Kyela mjini.

Nyumba ilikuwa nzuri. Kulikuwa na umeme, maji ya bomba, na kochi ambalo mtu akilikalia anazama. Naomi alizama humo siku tatu. Siku ya nne aliinuka na fimbo yake akaanza kutembea, mlangoni mpaka getini, getini mpaka mlangoni, hadi nyasi zikafa alipopita. Alifagia palipofagiliwa. Akaosha sufuria zilizooshwa. Usiku alijigeuza kitandani mpaka mbao zikalia.

"Mama, pumzika basi," Veronika alimwambia.

"Nimechoka kupumzika, mwanangu."

Mkwe wake Ambwene alikuwa mpima kakao kwenye ghala la ushirika. Kila asubuhi alimwamkia kwa heshima, "Mugonile, mama," akaenda kazini, na jioni akamkuta palepale getini anaangalia barabara.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, Ambwene alileta mikungu miwili ya ndizi kutoka shamba lao la Busale. Zikaiva zote kwa mpigo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo, kwa hiyo kuzianika nje haikuwezekana. Naomi aliziangalia zikipata madoa, akakosa raha. Kwao chakula hakikuachwa kuoza.

Jikoni kulikuwa na eyafraya, kile chombo cheusi chenye droo ambacho Veronika alikitumia kupikia kuku na viazi.

"Hiki kinapikaje?" Naomi aliuliza.

"Kinapuliza upepo wa moto, mama. Unachagua joto hapa, na muda hapa."

"Upepo wa moto tu? Bila mafuta?"

"Hata bila mafuta."

Veronika alipokwenda kazini, Naomi, akitaka kuzikausha, alikata ndizi vipande vinene, akavijaza kwenye droo, akaweka joto la juu kabisa. Vikatoka vyeusi nje na rojorojo ndani. Akavitupa kwa kuku. Kesho yake akavikata vyembamba kama karatasi. Safari hii upepo wa chombo ulivipeperusha vikaenda kunata juu kwenye waya wa moto, moshi ukatoka, na Veronika akaingia wakati huohuo.

"Mama! Utatuchomea nyumba!"

"Nimechoma vyungu tangu hujazaliwa," Naomi alijibu. "Nyumba ya mtu sijachoma."

"Huu si moto wa vyungu! Kama unataka kaukau za kutafuna, nitakununulia dukani."

Naomi hakutaka za dukani. Alikwenda kukaa kizingitini kwa hasira, na akiwa pale maneno ya binti yake yakaanza kumsumbua. Huu si moto wa vyungu. Lakini kwa nini usiwe? Chungu kibichi ukikiingiza motoni kinapasuka, kwa sababu maji yaliyomo hayajapewa muda wa kutoka. Kwanza unakiacha kivulini siku kadhaa, unakigeuza, unakigusa na shavu kusikia kama bado kina ubaridi. Yeye alikuwa ameziingiza ndizi motoni zikiwa bado na maji yake, kama mwanagenzi.

Kesho yake alichagua ndizi zilizoiva lakini bado ngumu. Alizikata zote unene mmoja, akazipaka maji ya limau zisigeuke rangi, akazipangusa kwa kitambaa safi. Alizipanga safu moja tu, kipande kisimlalie mwenzake, na juu yake akaweka wavu mdogo wa chuma kuzuia zisiruke. Joto aliliweka chini kabisa. Kisha akasimama hapo kwa saa mbili na zaidi, akifungua, akigeuza kimoja kimoja, akifunga.

Zilipotoka zilikuwa teketeke kama ngozi iliyoloa. Naomi alihisi machozi yanamjia. Akaziacha kwenye sinia, akaenda getini. Aliporudi kuzimwaga, akashika kipande kimoja, nacho kikavunjika mkononi: ka! Akashika kingine. Ka! Kumbe zilikuwa zinakauka kadiri zinavyopoa.

Jioni Ambwene alitafuna sinia zima akiwa amesimama, kisha akafuta midomo kwa aibu. "Ndaga fijo, mama," alishukuru. "Zimebaki?"

Kuanzia hapo jiko likawa la Naomi. Zilizobaki wazi zililainika kwa unyevu wa Kyela kabla hakujapambazuka, kwa hiyo akadai makopo yenye vifuniko vya kukaza. Ndizi alipoziweza akahamia kwenye maembe. Alipoyaweza maembe akapambana na nanasi, ambalo lilimtesa wiki nzima kwa sababu ya maji yake na sukari inayonata, hadi alipogundua kwamba lazima alikamue kidogo kwa kitambaa na kuliacha ndani muda mrefu zaidi ya yote. Veronika alipeleka makopo kazini, wauguzi wenzake wakayamaliza kabla ya chai. Nyumba ikanukia matunda. Naomi akawa analala. Veronika alimwambia mumewe, "Mama ametulia."

Veronika alikuwa amekosea. Mwezi wa nane, asubuhi moja, aliamka akakuta jiko liko kimya. Mama yake alikuwa getini, amevaa kitenge chake cha kanisani, ana kifurushi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Mama, si umepata kazi? Kila mtu anazisifu kaukau zako!"

"Nimekwishaziweza," Naomi alisema, naye alionekana kushangaa kwamba binti yake haelewi. "Nikate nanasi lilelile kila siku mpaka lini? Udongo sijawahi kuuweza wote, Vero. Kila shimo lina udongo wake."

Veronika alilia, akafoka, akataja nyonga. Ambwene ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Twende tukaulize daktari. Akikataa, mama atabaki. Akikubali, tutampeleka."

Picha ya mfupa ilionyesha umeshikana vizuri. Daktari alirudia sharti la kutobeba mizigo, Naomi akaitikia kabla hajamaliza sentensi.

Jumamosi walimfikisha Matema. Mpwa wake Asifiwe, mfinyanzi pia, alikuwa amekuja na mtumbwi, na alikuwa ameahidi kumbebea udongo. Veronika alimshika mama yake mkono hadi alipoketi, akamfunika miguu na khanga, akataka kumwambia jambo. Lakini Naomi alikuwa ameshageukia mbele, anamuuliza Asifiwe shimo la juu limejaa maji au la.

Sasa ana miezi saba Ikombe. Anafinyanga vyungu vidogo, vile vinavyoenea kwenye viganja viwili. Veronika anampigia simu kila jioni, na mara nyingi anayepokea ni Asifiwe.

"Mama yuko wapi?"

"Ametoka, dada. Hakusema anaelekea shimo gani."